Buibui wote hatutawaweza: namna wajitoleaji walichagua wale wa kuangalia

Mwisho wa mwezi wa kwanza, mbele watu waanze kulima kwa msimu B, tulikaa na wajitoleaji wa koperative moja ya upande wa Kabare, Kivu ya Kusini, kwa kuzungumza juu ya buibui. Mtu akisikia hivi anaweza kucheka. Lakini kikao kilichukua saa tatu nzima, na watu wawili walitaka kutoka kwa hasira.

Maneno yaliletwa na Mama mmoja anayelima mihindi na maharagi kwenye mteremko. Alitoa telefone yake, akaiweka juu ya meza, akasema: "Kila siku ya posho ninaacha kazi yangu, ninaenda kupiga foto za tandabui. Nimetuma zaidi ya mia. Mwenye kunijibu hayuko. Sasa hii kazi yote inatusaidia nini?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Na tuseme ukweli kwa wasomaji wetu: kosa lilianzia kwetu. Wakati shamba-shule ilifundisha juu ya wadudu rafiki wa mkulima, ni sisi tuliwaambia wajitoleaji: pigeni picha kila buibui mnayemwona, tutawaambia jina lake. Watu wakatii. Picha zilikuja kutoka shambani, lakini pia kutoka ukutani, chooni, ndani ya kanisa, chini ya kitanda cha bibi. Wenye kutafuta majina walikuwa watatu tu, agronomu wawili na kijana mmoja anayesoma biolojia, wote wakifanya kazi hii bila mshahara, usiku, rezo ikipatikana. Kwa wiki chache walizama.

Swali la kikao likawa hili: saa za kujitolea ni chache, buibui ni wengi. Tuziweke wapi?

Kwa nini jina halipatikani

Kabla ya kuchagua, tulipaswa kueleza kitu tulichokuwa hatujaeleza tangu mwanzo. Mtu anayejua ndege anaweza kukuambia jina la ndege kwa kuona picha moja. Kwa buibui sivyo. Mwaka wa 2022 orodha ya buibui wa dunia ilifikia aina 50,000, na kila mwaka wanaongezwa wengine. Aina mbili zinaweza kufanana kwa rangi na kwa ukubwa, na aina moja inaweza kuwa na rangi tano.

Mtaalamu anayetaka kusema bila shaka huyu ni aina gani anaangalia viungo vya uzazi. Kwa dume ni vile vimkono viwili vifupi mbele ya kichwa, ambavyo ncha zake zimevimba kama glavu za mcheza bondia. Kwa jike ni kibamba kidogo chini ya tumbo. Vitu hivi vinaangaliwa kwa mikroskopi, tena vinakuwa kamili kwa buibui aliyekwisha kukomaa tu. Buibui mtoto hana. Na wengi tunaowakuta shambani ni watoto bado.

Kwa Afrika kuna kitabu kikubwa ambacho wanafunzi wengi wanaanza nacho. Kiliandikwa na Ansie Dippenaar-Schoeman wa Afrika ya Kusini na Rudy Jocqué wa makumbusho ya Tervuren, kule Ubelgiji, kikatoka mwaka wa 1997. Kimetengenezwa hasa ili kumfikisha mtu kwenye familia ya buibui, yaani ukoo wake mkubwa. Kule Tervuren ndiko wanahifadhiwa, ndani ya chupa za alkoli, buibui wengi waliookotwa Congo tangu wakati wa wakoloni. Kwa hiyo hata kama picha za Mama zingefika mezani kwa watu wa Tervuren, nyingi zingerudi na jibu la nusu: familia fulani, basi.

Tulipoeleza hayo kijana wa biolojia aliinamisha kichwa. Yeye alikuwa anajilaumu kwamba hajui. Kumbe kazi tuliyompa haikuwezekana.

Lakini jibu la nusu linaweza kuwatosha wakulima. Hapo ndipo kikao kilianza kupata njia.

Wakulima wa mpunga wa Indonesia

Tuliwapa wajitoleaji habari ya nchi ya mbali, kwa sababu shamba-shule tunazozijua Congo zina mzizi wake huko. Miaka ya 1970 na 1980, wakulima wa mpunga wa Indonesia walishambuliwa na mdudu mdogo wa kahawia anayenyonya maji ya mpunga. Walipulizia dawa, mdudu akarudi kwa wingi zaidi. Watafiti waligundua kwamba dawa ilikuwa inaua kwanza maadui wa mdudu yule, na kati yao buibui wanaokimbia chini, kwenye mashina. Mwaka wa 1986 serikali ilikataza dawa 57 kutumika kwenye mpunga. Kuanzia mwaka wa 1989, kwa msaada wa FAO, wakulima wakaanza kukusanyika shambani kila wiki kujifunza kuangalia mimea yao wenyewe.

Kwenye mafunzo yale, mkulima akiokota mdudu na kuuliza "huyu ni nani?", mwalimu hakumpa jina. Alimrudishia maswali: umemkuta wapi? Alikuwa anafanya nini? Wako wengi? Halafu walimweka ndani ya chupa pamoja na wadudu wanaokula mpunga, wakafunika kwa kitambaa, wakangoja. Kesho yake kila mtu aliona mwenyewe nani amekula nani. Majina ya Kilatini walikuwa nayo watafiti. Mkulima alijua anayekimbia chini ni rafiki, na ilimtosha kuamua kama atanunua dawa ama atabakiza franga zake mfukoni.

Muzee mmoja wa kamati alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo tangu siku ile tunalirudia kila mahali: "Tukishajua jina lake, jembe langu litafanya nini tofauti?"

Nyumba, msitu, shamba

Kwa swali hilo tulipima mahali patatu ambapo watu walitaka nguvu ziende.

Wa kwanza walisema nyumbani. Baba mmoja alikuwa na mtoto aliyeamka na malengelenge shingoni, na jirani wakasema tandabui amemkojolea. Hofu hii ni ya kweli, na hatukutaka kuidharau. Lakini malengelenge ya namna hiyo, yenye kuchora mstari kwenye ngozi na kuunguza, mara nyingi yanatoka kwa mdudu mwingine kabisa: yule mwembamba mwenye mapande mekundu na meusi, anayefuata taa usiku. Haumi. Ukimponda kwenye ngozi, maji yake ndiyo yanaunguza. Ukimkuta amekutua, mpulize aende, usimpige kofi; kama umekwisha kumponda, osha mahali kwa maji na sabuni, na usijipanguse macho kwa mkono ule. Kidonda kikiendelea, nendeni kwenye kituo cha afya.

Kuhusu buibui wa nyumbani wenyewe, tuliona hakuna haja ya kuwataja mmoja mmoja. Wale wa miguu mirefu kwenye kona, wale bapa wanaojibandika ukutani, hawana neno kwa watu, na wanakula mbu na nzi. Kando ya ziwa Victoria, Kenya na Uganda, kuna hata buibui mdogo mrukaji ambaye watafiti wamempata akipenda kuliko vyote mbu jike aliyekwisha kunyonya damu. Tulibakiza mmoja tu wa kuangaliwa nyumbani: yule wa kahawia ama kijivu, tumbo duara, mwenye alama ya rangi ya machungwa chini ya tumbo kama saa ya mchanga, na vifuko vya mayai vyenye miiba-miiba. Anakaa chini ya viti, nyuma ya madumu, kwenye vitu visivyoguswa. Akiuma panauma sana, ingawa ni nadra kuua. Huyo tulimwonyesha kila mtu kwa picha moja iliyobandikwa kwenye depo ya koperative. Kazi ya nyumbani ikaishia hapo.

Wa pili alikuwa kijana wa biolojia, peke yake, naye alitaka ukingo wa msitu, kuelekea Kahuzi-Biega. Alisema huko kunaweza kuwa na buibui ambao dunia haijawapa jina. Ana haki. Hatukuwa na neno la kumpinga, isipokuwa swali la Muzee. Buibui mpya wa msituni angefurahisha dunia, lakini Mama wa mteremkoni angebaki na maswali yake yale yale. Tena kwa buibui wa msituni picha haitoshi. Ingetakiwa kumkamata, chupa, alkoli, ruhusa, mtaalamu. Vitu hivyo hatuna. Tulisema hapana, na tulisema kwa uchungu. Hapa ndipo mmoja wa wale wawili alitaka kutoka.

Walibaki wa tatu, wale wa mashamba. Na hata hapo tulilazimika kukata. Kahawa tuliiacha. Mihogo tuliiacha. Tulishika mihindi, pamoja na maharagi yaliyochanganywa nayo, kwa sababu ndiko mkulima anaamua jambo la haraka kila msimu: yule kiwavi anayekula moyo wa mhindi. Alionekana Afrika mara ya kwanza mwaka wa 2016, na hakuna mlimaji wa kwetu asiyemjua leo. Mtu akiona majani yametoboka, mkono wake unakwenda kwenye pompi. Kama anajua ni nani mwingine anakaa kwenye mimea ile, labda mkono utangoja kidogo.

Makundi manne yanayotosha

Wajitoleaji walikubali kuacha majina ya aina na kushika makundi manne, ambayo kila mtu anaweza kuyatambua kwa macho, hata asiyejua kusoma.

Kundi la kwanza ni wakimbiaji wa chini. Rangi ya udongo, hawafumi utando wa kukamatia, wanakimbia kati ya majani makavu. Jike anaburuta kifuko cha mayai kikiwa kimefungwa nyuma ya tumbo, na watoto wakitoka wanapanda mgongoni mwake. Hakuna anayekosea akishaona mara moja. Usiku ukipitisha tochi shambani, macho yao yanang'aa kama ya paka.

La pili ni warukaji: wadogo, wanene kidogo, macho mawili makubwa mbele yakikutazama kama taa za motokari. La tatu ni wa miiba, wanaokaa juu ya majani na kwenye maua. Miguu yao ina miiba mirefu iliyosimama, tumbo limechongoka nyuma, na wanaruka kutoka jani hadi jani. La nne ni wafumaji wa gurudumu, wale wenye utando wa duara kati ya mmea na mmea, ambao wanakamata nondo wanaopita usiku. Wengine wote, na wale wa maua wanaotembea upande kama kaa wakiwemo, wanaandikwa "wengine".

Kila kundi linawinda mahali pake, na hiyo ndiyo faida ya kuyatenganisha. Anayekimbia chini anamkuta kiwavi aliyeanguka. Wa miiba na mrukaji wanawakuta vitoto vya kiwavi vikitoka kwenye mayai na kutawanyika, vikining'inia kwa uzi. Mfumaji anamkamata mama yao, nondo. Kundi moja likikosekana shambani mwako, unaweza kuuliza kwa nini.

Picha hazikufutwa kabisa. Zinapigwa pale tu mtu ameshindwa kuweka buibui kwenye kundi, na zinakuwa tatu: uso na macho, mgongo, na chini ya tumbo, kukiwa na kidole ama franga kando kuonyesha ukubwa. Picha moja ya mbali, ya kitu cheusi juu ya ukuta mweusi, haijibiwi tena. Na zile mia kadhaa za zamani? Tulichukua zilizopigwa kwenye mihindi. Zingine tuliziacha. Mama aliyeleta maneno alicheka kwa uchungu: za kwake nyingi zilikuwa za chooni.

Saa moja, mashamba matano

Badala ya kila mtu kuzunguka kila mahali, wajitoleaji walichagua mashamba matano ya memba waliokubali, na kuyarudia kila wiki. Tunafikiri huu ndio uamuzi mzuri kuliko yote uliotoka siku ile, hata kuliko makundi manne. Buibui aliyeonwa mara moja mahali fulani hasemi mengi. Shamba lile lile likihesabiwa kila wiki kutoka kupanda hadi kuvuna linaonyesha nani aliongezeka, nani alipotea, na nini kilifanyika katikati.

Wanakwenda wawili wawili, asubuhi mbele jua likaze. Wanapita shamba kwa zigizaga, wanasimama mara 5, na kila mahali wanaangalia mimea 10: ndani ya moyo wa mhindi, chini ya majani, na udongo unaozunguka shina. Kwenye kaye wanaandika vijiti kwa kila kundi. Juu ya ukurasa kuna michoro minne, kwa hiyo asiyesoma anaweka kijiti chini ya mchoro. Kando wanaandika viwavi waliowaona, mafungu ya mayai, na kama shamba limepuliziwa dawa, siku gani, dawa gani. Kazi inamalizika kwa saa moja. Hilo lilikuwa sharti la wamama, na walilisimamia: siku nzima ya posho haitapotea tena. Mega za kutuma picha tumekubali kulipa sisi.

Kati ya mashamba matano, mawili yametandazwa majani makavu chini ya mimea, matatu yako wazi. Tulitaka kulinganisha. Marekani, mwaka wa 1990, watafiti Susan Riechert na Leslie Bishop walionyesha kwenye bustani za mboga kwamba kutandaza majani makavu kunaongeza buibui, na kwamba mahali buibui wako wengi mboga zinaharibiwa kidogo zaidi. Bustani ya mboga ya Tennessee si mteremko wa Kabare, ndiyo maana tunahesabu wenyewe.

Juu ya dawa tulisema wazi kitu kimoja. Dawa nyingi zinazouzwa sokoni hazichagui. Buibui anatembea juu ya jani lililolowa dawa usiku mzima, anakula mdudu aliyekufa nusu, naye anakufa. Viwavi wanarudi haraka, kwa sababu nondo mmoja anataga mayai mamia na anaruka mbali. Buibui wanarudi polepole. Watoto wao wanasafirishwa na upepo kwa uzi, ndiyo, lakini wanahitaji muda wa kukua.

Hatukuwadanganya wajitoleaji pia kwamba buibui atalima kwa niaba yao. Kuna hesabu ya mwaka wa 2017 inayosema buibui wa dunia wanakula kila mwaka kati ya tani milioni 400 na 800 za windo. Ni nyingi mno, lakini buibui hachagui: anakula kiwavi, anakula pia nyuki na wadudu wengine rafiki. Na kiwavi mkubwa aliyekwisha kujificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi, nyuma ya mavi yake, buibui hamfikii. Kuokota mafungu ya mayai kwa mkono na kuyaponda kunaendelea kama kawaida.

Siku ya posho ya kwanza

Tuliwasindikiza kwenye hesabu ya kwanza. Mihindi ilikuwa bado mifupi, kufika magotini. Shamba la kwanza, lile la majani makavu, lilichukua zaidi ya saa moja, kwa sababu kila jani likiinuliwa kuna kinachokimbia, na watu walibishana kama kilichopita ni kimoja ama viwili. Waliamua: mmoja anainua, mwingine anahesabu, na asiyehesabu ananyamaza.

Kwenye shamba la tatu, lililopuliziwa wiki iliyotangulia, kaye ilibaki nyeupe karibu yote. Mwenye shamba alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Hakuna aliyemwambia kitu. Alichungulia ukurasa wa shamba la kwanza, akachungulia wa kwake, akauliza kama wiki ijayo watapita tena. Wakamwambia ndiyo, mpaka mavuno.

Mama wa zile picha mia ndiye sasa anashika kaye, kwa sababu macho yake ni makali kuliko ya agronomu wetu. Kijana wa biolojia anakuja pia, anahesabu pamoja na wengine. Juzi alitutumia picha tatu kutoka ukingo wa msitu: uso, mgongo, chini ya tumbo, franga ikiwa kando. Hakuandika neno. Ni buibui wa kijani kibichi, na haingii kwenye kundi lolote kati ya yale manne. Bado hatujamjibu.